Shinikizo na Wakati: Mifumo Miwili ya Unyunyizaji wa Dizeli katika Magari ya Familia ya Ulaya

Historia ya injini ya dizeli huelezwa mara nyingi kana kwamba ni mbio za kuongeza shinikizo la mafuta. Ushindani uliozuka Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1990 unaitia dosari simulizi hiyo. Mwaka 1997 Alfa Romeo 156 lilikuwa gari dogo la kwanza kuuzwa likiwa na reli ya pamoja: pampu moja hujaza bomba imara kwa shinikizo la takriban baa 1,350, na kila nozeli hufunguliwa kwa amri ya umeme. Fiat ilianzisha utafiti huo. Bosch ndiyo iliyoufikisha sokoni. Mwaka 1998 Volkswagen ilijibu kwa Passat, ambamo kila silinda ilikuwa na kifaa kimoja chenye pampu na nozeli, kilichosukumwa na kamshafti. Shinikizo lilifika baa 2,050.

Kwa kipimo hicho Volkswagen ilikuwa mbele, na wanunuzi walisifu nguvu na uchache wa mafuta yaliyotumika. Hata hivyo, kamshafti iliamua wakati wa kusukuma, na injini ilipozunguka polepole shinikizo lilishuka. Reli, kinyume chake, huweka shinikizo akibani. Hivyo mafuta yaweza kugawanywa katika minyunyizo midogo, kabla ya ule mkuu ili kupunguza kelele, na baada yake ili kupandisha joto la moshi. Huo wa baadaye ndio, kwa maoni yangu, ulioamua shindano. Peugeot 607 la mwaka 2000 liliutumia kuchoma masizi yaliyonaswa kwenye kichujio. Mwaka 2007 Volkswagen yenyewe iliiweka reli ya pamoja katika Tiguan.