Zijue hulka za wenzako kazini ili muelewane

KATIKA ofisi kubwa ya mjini, mfanyakazi asiyeelewana na mwenzake anaweza kuomba kuhamishiwa idara nyingine, au wawili hao wakaendelea kupishana kwenye ngazi na kusalimiana kwa mbali. Nafasi hiyo hana mwalimu, muuguzi, bwana shamba au fundi aliyepangiwa kazi katika kata ya vijijini kama Mkange, ambako watumishi ni wachache na mwenzako wa kazini ndiye huyo huyo jirani yako wa nyumbani.

Mkange ni kata ya Halmashauri ya Chalinze, wilayani Bagamoyo, mkoa wa Pwani, katika eneo linalopakana na ukanda wa Hifadhi ya Taifa ya Saadani iliyotangazwa rasmi mwaka 2005. Wenyeji wa upande huo ni Wazigua, Wadoe na Wakwere, na miongoni mwao wanaishi wafugaji na wakulima waliotoka mikoa ya bara. Mradi wa barabara ya kutoka Bagamoyo hadi Tanga kupitia Saadani na Pangani, yenye urefu wa kilomita 256, nao umeleta mafundi, madereva na vibarua wa kila asili. Kipande cha Mkange, Mkwaja hadi Tungamaa peke yake ni kilomita 95.2.

Mahali pa namna hiyo, kutoelewana kwa watu wawili huweza kuwadhuru wengi. Chukulia mfano wa zahanati yoyote ndogo. Muuguzi mkimya anaona dawa za malaria zinakaribia kwisha. Anamweleza mkuu wake mara moja, kwa sauti ya chini, asubuhi wakati foleni ya wagonjwa imefika nje. Mkuu huyo ni mtu wa kusema waziwazi na anaamini kuwa jambo zito husemwa kwa uzito wake, hivyo neno lile linampita. Wiki mbili baadaye rafu ni tupu. Muuguzi anasema, "Nilimwambia." Mkuu anasema, "Hakuniambia." Wote wawili ni wakweli, na mgonjwa amekosa dawa.

Hapo ndipo maarifa ya hulka yanapohitajika. Hulka ni mwelekeo wa kudumu wa mtu katika kuhisi, kufikiri na kuhusiana na wengine. Haimaanishi wema wala ubaya, wala haimwondolei mtu wajibu wa kazi yake.

Makundi manne ya kale

Jitihada za kuwagawa watu kwa hulka ni za kale. Waganga wa Ugiriki, wakifuata mafundisho yanayohusishwa na Hippocrates na baadaye Galen wa karne ya pili, waliamini kuwa mwili una majimaji manne, na kwamba yanayozidi ndiyo yanayoamua afya na tabia ya mtu. Elimu hiyo iliendelezwa na matabibu wa Kiislamu, akiwamo Ibn Sina aliyeishi kati ya mwaka 980 na 1037, na ikafika Pwani ya Afrika Mashariki pamoja na tiba ya vyakula vya joto na vya baridi.

Alama zake zingali katika lugha. Majimaji hayo kwa Kiarabu ni damu, balghamu, safura na sauda. Damu ni neno la kila siku, balghamu ni makohozi, na safura limebaki kuwa jina la ugonjwa wa kupungukiwa damu unaoletwa na minyoo.

Semina nyingi za uongozi na vitabu vya malezi na ndoa bado hutumia mgawanyo huo. Mtu wa damu, yaani sanguini, ni mchangamfu na msemaji. Koleriki ni mwepesi wa kuamua na kuamuru. Melankoliki ni makini, mchambuzi na mwepesi wa kuumia moyoni. Flegmatiki ni mtulivu, asiyependa ugomvi. Sayansi ya tiba iliachana na nadharia ya majimaji zamani, lakini majina yamedumu kwa sababu kila mtu anamfahamu angalau mmoja anayefanana nayo.

Sayansi ya sasa inasemaje

Mwaka 1921, daktari wa Uswisi Carl Jung alichapisha kitabu kuhusu aina za watu kisaikolojia, akitofautisha wanaoelekea nje kwa watu na wanaoelekea ndani ya nafsi zao. Wamarekani wawili, Katharine Briggs na bintiye Isabel Briggs Myers, walitumia mawazo hayo kutengeneza jaribio linalowagawa watu katika aina 16. Jaribio hilo limeenea sana maofisini, lakini tafiti zimeonyesha kuwa watu wengi wakilirudia baada ya wiki chache huangukia aina nyingine. Wamiliki wake wenyewe wanaonya kuwa lisitumike kuchagua wa kuajiriwa.

Wanasaikolojia wengi leo hupima sifa tano kwa viwango: uwazi wa mawazo mapya, umakini katika wajibu, uchangamfu, upole kwa wengine, na wepesi wa kupata wasiwasi. Kila mtu anazo zote kwa kiasi fulani, na wengi wako katikati. Uchambuzi wa Barrick na Mount wa mwaka 1991 ulionyesha kuwa umakini katika wajibu ulihusiana na utendaji mzuri katika kada zote walizozichunguza.

Hata hivyo, sifa hizo tano zilipatikana kwa kuchunguza zaidi watu wa nchi zilizoendelea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu Watsimane, jamii ya wakulima na wawindaji nchini Bolivia, haukuziona zikijitokeza kwa mpangilio huo. Uchunguzi wa maneno ya tabia katika lugha ya Kimaa, inayozungumzwa na Wamasai, uliochapishwa mwaka 2020, nao haukuupata mpangilio huo vizuri. Maneno ya maadili ya kuishi na watu yalichukua nafasi kubwa. Kwa hiyo dodoso lililotungwa kwa ajili ya makarani wa Chicago lisichukuliwe kuwa kipimo sahihi cha mwalimu wa Mkange.

Namna ya kuzungumza na kila mmoja

Pamoja na mipaka hiyo, tofauti ambazo makundi hayo yanajaribu kuzieleza zipo. Mwenye kuzitambua hubadili namna ya kusema bila kubadili anachosema.

Mkimya apewe ajenda mapema na aulizwe kwa jina, kwani akisubiri nafasi ijitokeze atakwenda nayo nyumbani. Mchangamfu asikilizwe, kisha makubaliano yaandikwe, maana hufurahia wazo jipya kabla ya kumaliza la jana. Mwenye haraka aelezwe jambo kuu kwanza na sababu baadaye. Mchambuzi apewe takwimu na muda, na akikosolewa iwe faraghani. Mpole asiyependa ugomvi asichukuliwe kuwa amekubali kwa sababu tu hakupinga, aulizwe, "Unaona shida gani katika mpango huu?"

Lipo pia suala la umri na cheo. Katika jamii inayoanza mazungumzo kwa shikamoo, ukimya wa kijana mbele ya mkubwa huenda ukawa heshima tu, wala si hulka yake. Mkuu wa kituo anayetaka kusikia ukweli kutoka kwa walio chini yake hana budi kuuomba, tena zaidi ya mara moja.

Kwa mambo yanayogusa uhai, kama dawa, mitambo na mafuta ya gari la wagonjwa, hulka isiachiwe nafasi kabisa. Daftari linalosainiwa na pande zote mbili humsaidia mkimya na msemaji kwa usawa.

Utani na lebo za kabila

Watu wa Pwani walikuwa na njia yao ya kurahisisha maneno magumu kabla ya semina hizi, nayo ni utani. Mahusiano hayo yanajulikana kati ya makabila ya Pwani kama Wazaramo na Wazigua na watu wa bara kama Wanyamwezi, ambao katika karne ya 19 walifika Bagamoyo kwa misafara. Mtani huruhusiwa kusema ukweli mchungu kwa kicheko, na msiba ukitokea huwa wa kwanza kuhudumu. Kikosi cha kazi chenye watani wa kweli kina njia ya kumweleza mkubwa kosa lake bila kumvunjia heshima.

Lakini utani hudai ridhaa ya pande zote. Ukigeuka kuwa mazoea ya kusema kabila fulani ni wavivu, lile ni wajanja na lile ni wakali, si utani tena, wala si elimu ya hulka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya kabila au mahali mtu alikotoka, na migogoro ya kazi iliyoshindikana hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Majina ya hulka yanafaa pale tu yanapomfanya mtu aulize upya na asikilize kwa makini. Yule muuguzi akirudia neno lake na mkuu wake akamwita pembeni kumuuliza, dawa zitaagizwa kabla rafu haijawa tupu.