Kuganda

Damu huganda, maziwa huganda, maji huganda. Hata shati lililolowa huganda mwilini. Mzungumzaji wa Kiswahili haoni tatizo. Mkemia huliona: maziwa yanayogeuka mgando hayajapoteza joto, ila asidi imezikusanya protini zake, ilhali maji yanakuwa barafu kwa kupokonywa joto.

Kuganda huku kwa baridi ndiko kulikompatia jina Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliingiza kwenye friza mchanganyiko wa aiskrimu ukiwa bado moto, nao ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Mwalimu hakuamini. Mwaka 1969 Mpemba na Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha makala kuhusu jambo hilo, ambalo sasa huitwa athari ya Mpemba.

Ubishi kama kweli maji ya moto huganda kabla ya yale ya baridi haujakwisha, na sehemu yake kubwa naiona ni ya kitenzi. “Yameganda” lini? Yanapofika nyuzi 0? Chembe ya kwanza ya barafu inapotokea? Au yakishakuwa gogo? Maji yanaweza kushuka chini ya 0 yakabaki kimiminika, kwa hiyo majibu hutofautiana. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walipima muda wa kufika 0, wasione ushahidi wa kuridhisha. Mwaka 2020 watafiti wengine, Kumar na Bechhoefer, nchini Kanada, waliyaacha maji yenyewe wakafuatilia punje moja ndogo mno iliyoelea ndani yake. Hapo athari ya Mpemba ilionekana waziwazi, bila kitu chochote kuganda.