Sauti ya runinga: kutoka tumbo la sanduku hadi saundibaa

Runinga za zamani zilikuwa masanduku makubwa kwa sababu ya bomba la kioo lililotoa picha, na ukubwa huo uliifaa sauti. Spika ilikaa mbele, kando ya kioo, ikimwelekea mtazamaji, na nyuma yake kulikuwa na nafasi ya hewa. Runinga za namna hiyo ndizo zilizowashwa Zanzibar mwaka 1973, matangazo ya rangi yalipoanza visiwani, miaka mingi kabla ya Tanzania Bara kupata vituo vyake mwaka 1994.

Spika inayotumika hadi leo ni ile iliyoelezwa mwaka 1925 na Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric: koili ya waya iliyo ndani ya sumaku husukuma koni, koni nayo husukuma hewa. Besi hudai hewa nyingi, kwa hiyo hudai koni pana na sanduku lenye nafasi. Kanuni hiyo haijabadilika. Kilichobadilika ni runinga. Miaka ya 2000 vioo bapa vilipoenea, spika zilifanywa ndogo na kusukumwa chini au nyuma, sauti ikawa inapiga ukutani kwanza. Kinachoumia zaidi ni maneno. Herufi kama s, f na t hubebwa na mawimbi ya juu yaliyo dhaifu, yakipotea mtu huongeza sauti, muziki ukapiga kelele, na mazungumzo yakabaki hayaeleweki.

Hata kabla ya vioo bapa kuenea, mwenye uwezo aliyetaka sauti bora alikuwa akinunua spika tano na sabufa, waya zikatapakaa sebuleni. Mwaka 1998 Altec Lansing ilitoa ADA106, spika kadhaa ndani ya kasha moja refu, yaani saundibaa, pamoja na sabufa ya inchi 8 iliyosimama peke yake. Yamaha ikaenda mbali zaidi mwaka 2004: YSP-1 ilipanga spika ndogo 40 na kubwa 2, ikirusha sauti kwenye kuta ili imrudie msikilizaji kutoka pembeni na nyuma. Ubunifu huo ulikuwa mkubwa, ila ulihitaji chumba chenye kuta tupu. Mapazia mazito huimeza sauti.

Kilichoirahisisha saundibaa majumbani ni HDMI 1.4, kiwango cha waya cha mwaka 2009 kilichowezesha waya uleule unaoleta picha kwenye runinga kurudisha sauti kwenye spika.

Afrika Mashariki sabufa ilitangulia. Mara nyingi waya zake, nyekundu na nyeupe, huchomekwa kwenye king'amuzi badala ya runinga, hivyo filamu ikichezwa kutoka kwenye flashi, sauti hurudi kwenye vispika vya runinga. Saundibaa iliyounganishwa na runinga yenyewe huondoa usumbufu huo, mradi iwekwe ukingoni mwa meza. Ikisukumwa ndani ya kabati, mbao huizuia sauti kama ukuta ulivyofanya.