Tabora, Saio na Desemba 1941: Askari wa Zamani katika Kumbukumbu za Nyumba za Kampemba

Tarehe 3 Julai 1941, Jenerali Pietro Gazzera wa Italia alisalimu amri huko Saio, magharibi mwa Ethiopia, mbele ya askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo ya Ubelgiji, chini ya Jenerali Auguste Gilliaert. Tarehe 9 Desemba mwaka uleule, askari wa jeshi hilohilo waliwafyatulia risasi wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière waliogoma na kukusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Miongoni mwa waliouawa alikuwa Léonard Mpoyi, msemaji wa wagomaji. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka sasa, takwimu za serikali ya kikoloni zikiwa chini mno kuliko zile za wakazi wa mji. Matukio hayo mawili yametengana kwa miezi mitano tu, na sare iliyovaliwa ni moja.

Anayetaka kuandika juu ya namna askari wa zamani wanavyokumbukwa katika mji huu hujikwaa hapo kabla ya kufika popote. Je, tunamkumbuka mshindi wa Saio au aliyeelekeza bunduki kwa ndugu zake? Katika makala hii nadai kwamba kumbukumbu za dola, zenye minara na nishani, hazina mahali pa kuliweka swali hilo, ilhali masimulizi ya ukoo na nyimbo za kilio zimelibeba kwa miongo mingi bila kulitatua. Ndiyo maana zinastahili kusomwa kama tafsiri ya historia. Wengi wetu tumezoea kuzichukua kama ushahidi ghafi wa kuhakikiwa kwa nyaraka kisha kuwekwa kando.

Nimechagua kuitazama hoja hii kutoka Kampemba kwa sababu komini hii haina kambi ya jeshi inayoitambulisha, wala si mtaa wa kampuni ambamo wakazi wote waliletwa na mwajiri mmoja. Kuna eneo la viwanda, kuna Bel-Air, kuna Bongonga na Kafubu. Mwenye nyumba ni wa ukoo huu na mpangaji wa ukoo ule. Mjukuu wa soda, kama askari anavyoitwa hapa, anaweza kuchota maji bomba moja na mjukuu wa mgomaji. Kumbukumbu ya vita katika mazingira hayo husikilizwa na watu wasioikubali, na hilo linaibadilisha.

Tuanze na dola. Charles Tombeur, aliyewahi kuiongoza Katanga, ndiye aliyekuwa kamanda wa majeshi ya Kongo yaliyoingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Baadaye alipewa ubaroni na jina la mji ule likaunganishwa na la ukoo wake. Wapagazi, ambao katika kampeni hiyo walizidi laki mbili, hawakuunganishwa na jina lolote. Mtindo huo wa kukumbuka haujaisha. Mnamo Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvisha nishani jijini Kinshasa Albert Kunyuku, mzee wa miaka mia moja aliyehudumu hadi Burma, na siku chache baadaye mfalme huyo alihutubia katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Sina ugomvi na nishani ya Mzee Kunyuku. Ilichelewa mno kuliko ilivyokosea. Lakini sherehe ya namna hiyo humtaka mtu mmoja asimame badala ya wote, na asimame akiwa safi.

Nyimbo hazikuwahi kumtaka awe safi. Chukua beni. Ngoma hii ilizaliwa pwani, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, ikiiga gwaride na bendi ya wazungu. Askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 waliichukua bara, na kwa jina la mbeni ikafika Katanga na migodi ya shaba ya Zambia ya leo. Terence Ranger aliifuatilia safari hiyo katika kitabu chake cha 1975, na kabla yake Clyde Mitchell, mwaka 1956, alionyesha jinsi kalela ya Luanshya ilivyoirithi. Vyama vya ngoma hiyo vilikuwa na kingi, gavana, kapteni na daktari. Watawala waliviogopa, wakidhani vinaficha njama. Kilichowapita ni kwamba mpiga ngoma aliyekuwa akitembea kwa hatua za gwaride Jumapili alasiri alikuwa akiusimulia utii na kuukejeli papo hapo. Mtu aliyefundishwa hatua hizo kwa kiboko alizifanya ziwe za kwake, akazivalia suti, akazipigia filimbi. Hakuna jiwe la kumbukumbu lililoandika hayo.

Lakini beni imekwisha, na kwa familia za leo mahali penye uzito zaidi ni kilio. Anapofariki mzee, watu hukaa nje ya nyumba usiku kucha, wanaume wakizunguka mbabula yenye makaa, wanawake ndani wakiwa wamekaa chini pamoja na mfiwa. Katika nyumba za Waluba unaweza kusikia kasala, utenzi wa sifa ambao Patrice Mufuta na Clémentine Faïk-Nzuji waliuchunguza kwa kina mnamo miaka ya 1960 na 1970. Kasala haisimulii maisha toka mwanzo hadi mwisho. Mwimbaji hurundika majina: jina la marehemu, la baba yake, la mto wa kwao, la mnyama anayefananishwa naye, kisha ghafla humgeukia mtu aliyeketi pale na kumtaja yeye na wazee wake, mpaka huyo ainuke na kutoa chochote. Zamani ilitumika pia kuwatia moyo wanaokwenda kupigana.

Kwa utaratibu huo, vita huingia kama jina miongoni mwa majina. Askari aliyefika mbali husifiwa kwa umbali: barabara alizokanyaga, mito aliyovuka, nchi ambayo hakuna mwingine wa ukoo aliyeiona. Adui aliyemshinda hatajwi sana, na mfalme aliyemtuma hatajwi kabisa. Huo ni uamuzi, tena mzito: ukoo unamchukua mtu wao na kumwachia mkoloni vita vyake. Mhakiki wa nyaraka akilalamika kwamba wimbo haukusema kikosi wala mwaka, atakuwa ameuliza swali la ofisi ya pensheni mahali ambapo ofisi hiyo haikualikwa.

Kisha wajukuu huingia. Mila za sehemu hizi humruhusu mjukuu kumtania kambo wake, yaani babu au bibi yake, hata akiwa maiti. Anaweza kuvaa koti la marehemu, akaiga mwendo wake, akapiga saluti, akawafokea waombolezaji kwa lugha ya kambini. Watu hucheka. Utani huo ndio unaobeba yale ambayo sifa za usiku hazikuyagusa: kwamba mzee alikuwa mkali, kwamba alipiga watu, kwamba sare ilimfanya aogopwe na majirani. Katika saa chache na mbele ya hadhira ileile, mtu huyohuyo ametukuzwa na ameshtakiwa, na hakuna aliyelazimika kuchagua.

Wachoraji wa mji huu waliujua mpangilio huo. Tshibumba Kanda-Matulu, aliyemchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian mfululizo wa picha 101 za historia ya nchi mnamo 1973 na 1974, aliyaweka mauaji ya wafanyakazi wa Union Minière ndani ya mfululizo huo. Lakini picha iliyopendwa sebuleni, yake na ya wenzake, ilikuwa Colonie belge. Mfungwa amelazwa chini, suruali imeshushwa. Mzungu amesimama akitazama. Bendera ya Ubelgiji inapepea. Wafungwa wengine wanafanya kazi, wanawake wanasubiri. Anayeshika kiboko ni askari Mwafrika. Baba wa familia alinunua picha hiyo kwa fedha zake na kuitundika juu ya viti vya wageni, ili mgeni aulize na mazungumzo yaanze. Katika baadhi ya nyumba hizo aliyeshika kiboko alikuwa mtu wa ukoo. Sijui jumba la makumbusho barani Ulaya ambalo lingemwomba mjukuu wa mlinzi wa gereza aitundike picha ya namna hiyo kwao.

Pingamizi la kwanza ni la kitaalamu. Jan Vansina alitufundisha kutenganisha mapokeo yaliyopitishwa kizazi kwa kizazi na kumbukumbu za walioshuhudia, na kuyapima yote kwa makini. Somo hilo lilikuwa la lazima wakati vyuo vilipodai kwamba Afrika haina historia kabla ya maandishi. Kwa askari wa karne ya 20, hata hivyo, kosa la kumbukumbu mara nyingi ndilo lenye habari. Alessandro Portelli aligundua kwamba wafanyakazi wa mji wa chuma wa Terni, Italia, walikihamisha kifo cha mwenzao Luigi Trastulli kutoka 1949, alipouawa kwa kweli, hadi 1953, wakati wa mgomo mkubwa wa kupinga kufukuzwa kazi. Hawakusahau. Walikipeleka kifo kile mahali ambapo kingekuwa na maana. Hapa Lubumbashi pia, familia inapochanganya vita vya 14 na vya 40, au inapomfanya babu mmoja apite Tabora na Saio pamoja, tuulize kwanza tarehe hizo zimekutanishwa kwa ajili gani.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, nami silipuuzi. Ukoo huficha. Wake wa askari waliofuatana na waume zao kambini na hata kwenye kampeni hutajwa kwa nadra, ingawa waimbaji wa kilio wengi ni wanawake. Mpagazi aliyekufa njiani hakuacha watoto wa kumwimbia. Na kuna kimya kilichoshonwa na siasa. Mwaka 1992 na 1993, Wakasai, wengi wao Waluba, walipofukuzwa Katanga, waliopanda treni kwenda kwao waliondoka na waimbaji wao. Nyumba zilibaki, kasala ikaenda. Wajukuu waliorudi baadaye wanaijua kwa vipande.

Kimya kirefu kuliko vyote ni cha majandarme wa Katanga, askari wa jimbo hilo lilipojitenga. Baada ya utengano wa 1960 kuvunjwa Januari 1963, maelfu yao waliishia Angola, wakarudi na bunduki mwaka 1977, kisha Kolwezi Mei 1978. Chini ya Mobutu, kuwa na baba au kaka huko kulitosha kuiletea nyumba mashaka. Mwaka 1997 baadhi yao waliingia pamoja na waasi wa AFDL waliomwangusha Mobutu, na ghafla jina lililofichwa likawa la kujivunia. Miaka michache baadaye likawa la hatari tena. Kwa watu hao sijasikia sifa zinazotajwa wazi usiku wa kilio. Kuna utani wa wajukuu tu, na hata huo husemwa kwa sauti ya chini.

Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000 kwa juhudi za Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki, ulionyesha kwamba watu wa mji huu wako tayari kuleta vitu, nyimbo na maneno yao mbele ya umma wakiombwa kwa heshima. Kazi ya kilio bado haijafanywa kwa kiwango hicho. Kwa kawaida mtafiti hufika mchana akiwa na kinasasauti, humhoji mzee wa ukoo, huondoka na hadithi iliyonyooka. Anayetaka kumjua askari kama nyumba yake inavyomjua inambidi akeshe kwenye mbabula, aandike nani aliitwa katika kasala na akakataa kuinuka, nani alicheka mjukuu alipopiga saluti, na nani wakati huo aliondoka kwenda kutafuta makaa.