Saa ya Safari na Jua la Mbingu

Huko Mbingu, katika bonde la Kilombero, chini ya milima ya Udzungwa, akrabu fupi ya saa ikisimama juu ya tisa asubuhi, mtu husema ni saa tatu. Hakosei wala hapigi hesabu. Tarakimu hizo mbili hutazamana usoni mwa saa, na jicho lililozoea huvuka ng'ambo kabla ulimi haujatamka. Sisi wa visiwani hatuhitaji kufafanuliwa jambo hili. Lakini mafundi walioziunda saa hizo hawakulikusudia.

Bingwa wa saa za safari, Abraham-Louis Breguet, alizaliwa Neuchâtel, Uswisi, mwaka 1747, akafungua karakana yake Paris mwaka 1775. Saa kubwa za majumbani zama hizo ziliendeshwa kwa pendulamu, uzito unaoning'inia na kupembea. Ukiitikisa saa, mwendo huharibika. Saa ya safari hutumia gurudumu dogo linalokwenda na kurudi kwa kamani nyembamba, na yote hutiwa ndani ya kijumba cha shaba na vioo, chenye mkono wa kubebea juu. Napoleon alinunua moja kwa Breguet mwaka 1798, kabla ya kuivamia Misri. Gizani mwenyewe hubonyeza kitufe, nayo humgongea saa iliyopo. Katika karne ya 19 Wafaransa walizitengeneza kwa wingi, hivyo zilizotoka mkononi mwa Breguet ni adimu, na wakusanyaji huzigombea kama lulu.

Mimi kinachonishughulisha si bei yake, bali mahali inapoanzia kuhesabu. Neuchâtel, mchana wa kiangazi hukaribia saa kumi na sita, na wa kipupwe haufiki saa tisa. Hapo macheo hayawezi kuwa mwanzo wa hesabu ya mashine. Fundi hana budi kushika adhuhuri na usiku wa manane. Mbingu iko karibu na ikweta, na urefu wa mchana haupishani mwaka mzima ila kwa kadiri ya saa moja. Jua lenyewe ni saa iliyokwisha kutiwa ufunguo. Saa moja ya asubuhi hufuata macheo, saa moja ya usiku hufuata magharibi, na chombo cha Mswisi kinakubali bila kubadilishwa hata jino moja.

Na Waswisi wenyewe walifika. Wakapuchini wa Uswisi walikabidhiwa misheni za Dar es Salaam, pamoja na bonde hili, mwaka 1921. Mwaka 1957 Rudolf Geigy wa Basel alianzisha maabara Ifakara, ambako watafiti wamekesha wakihesabu mbu saa baada ya saa, wajue ni wakati gani wa usiku wanauma zaidi. Kengele za misheni zilifuata saa ya Ulaya, na wenyeji wakazitaja kwa saa yao.

Kwetu Unguja tarehe 27 Agosti 1896, muda wa mwisho aliopewa Khalid bin Barghash ulikuwa, kwa vitabu vya Waingereza, saa tisa kamili. Kwa aliyekuwa ndani ya jumba, saa tatu. Mizinga ilianza dakika chache baadaye, na mnara uliokuwa mbele ya jumba ukaharibiwa. Mwingine, wenye saa, uliunganishwa na Beit al-Ajaib. Nao ulianguka tarehe 25 Desemba 2020.

Mfasiri anayeandika kwamba Khalid alipewa muda hadi “saa tisa asubuhi” ameleta tarakimu na kuliacha jua nyuma. Kiswahili kina saa tisa alasiri na saa tisa usiku. Hiyo ya asubuhi haimo. Hata hivyo naiona kila mwezi katika kadi za mialiko na matangazo ya mikutano, na wazee hulazimika kuuliza waje kabla au baada ya adhuhuri.