Chuma Kilicholiwa na Kamba

Fundi wa baiskeli huanza kutazama pale kitu kinapolika. Mteja atakueleza mengi: baiskeli karibu mpya, haijatembea, aliyemuuzia ni mcha Mungu. Wewe unainama, unapapasa meno ya gia na raba za breki, na baiskeli inakusimulia yenyewe. Mjomba aliyenifundisha kazi hii Ngamiani, Tanga, hakuwa akimsikiliza mteja mpaka amalize kupapasa. Tabia hiyo nimehamia nayo Birmingham, na ndiyo inayonisimamisha chini ya madaraja ya mifereji huku wenzangu wakiniacha na kupotelea kwenye kona.

Kwenye pembe za madaraja hayo ya zamani kumefungwa mabamba ya chuma cha kusubu, na kwenye mabamba kuna mifuo, mingine inameza kidole kizima. Kamba ndiyo iliyoichimba. Kamba iliyolowa hushika mchanga, na ikiburutwa kwenye pembe ileile mwaka baada ya mwaka inageuka tupa. Kwetu pwani kazi hiyo tunaiona kwenye midomo ya visima vya mawe. Hapa, mbele ya kamba alikuwepo farasi, nyuma yake mashua ya makaa ya mawe, na kijia ninachopita Jumapili na baiskeli yangu ya mbio kilikuwa mahali pa farasi kuweka kwato.

Hesabu ndiyo iliyomleta farasi pale. Kwenye barabara za Uingereza za karne ya 18, zenye tope na mashimo, farasi mmoja wa mkokoteni alivuta tani moja au mbili kwa taabu. Mfunge farasi huyohuyo kwenye mashua iliyo juu ya maji yaliyotulia, atavuta tani 25 na zaidi bila kukimbia wala kutoa povu. Mwaka 1761 mfereji wa Duke wa Bridgewater ulianza kuleta makaa Manchester kutoka machimbo yake ya Worsley, na bei ya makaa mjini ikashuka nusu. Wafanyabiashara wa Birmingham hawakungoja kuambiwa mara mbili. Walimwita James Brindley, mhandisi wa mfereji ule, mtu ambaye kalamu ilimpa tabu kuliko mlima, na Novemba 1769 mashua za kwanza zikaingia na makaa kutoka Wednesbury.

Brindley hakupenda kupasua vilima. Alivizunguka, akifuata usawa wa ardhi, na mfereji wake ukapinda huku na huku. Zaidi ya miaka 50 baadaye, mwaka 1824, Thomas Telford aliitwa kuukagua, akaudharau waziwazi. Aliuona kama mtaro uliopindapinda, wenye njia ya farasi iliyomomonyoka kiasi kwamba wanyama waliteleza na kutumbukia majini, kamba zikinasana kila mashua zilipopishana, na mabaharia wake wakigombania zamu ya kupita. Akanyoosha. Kilomita 36 hivi kutoka Birmingham hadi upande wa Wolverhampton zikawa 25. Pale Smethwick alikata kilima mpaka chini, na juu ya mkato huo kukawekwa mwaka 1829 daraja la chuma la Galton, upinde mmoja wa mita 46 hivi, ambalo bado lipo na bado ni zuri. Kando ya maji aliweka njia mbili za farasi, moja kila upande, ili wanaokwenda na wanaorudi wasigusane. Hadi leo sijaona njia ya baiskeli iliyopangwa kwa akili kuliko ile, na aliyeipanga hakujua baiskeli ni nini.

Juu ya pedeli, mambo haya unayajua kwa mapaja kabla ya kuyasoma popote. Birmingham imekaa juu ya uwanda wenye mabonde mengi, na ukitoka kwa barabara unapanda na kushuka mpaka uchoke. Ukitoka kwa mfereji, ardhi imelala. Maji hayakubali mlima, kwa hiyo njia ya kandoni nayo haikubali. Pakiwa na kijimlima kifupi cha ghafla, ujue pembeni kuna malango: chumba cha maji chenye milango mbele na nyuma, kinachojazwa au kumwagwa ili mashua ipande au ishuke.

Njia ninayoipenda inaelekea kusini mashariki, kwenye mfereji uliofunguliwa mwishoni mwa 1799 kuunganisha Birmingham na Warwick, ambao sasa ni sehemu ya Grand Union. Mwanzo wake hauna mandhari ya kumwonyesha mgeni. Kuta, mabati, michoro ya rangi, troli za dukani zilizozamishwa. Mimi mwenyewe hupunguza mwendo hapo kuliko popote. Small Heath palikuwa na kiwanda cha BSA, kampuni iliyoanzishwa na mafundi bunduki mwaka 1861 na kuingia kwenye baiskeli kuanzia 1880. Wazee wa Tanga wanaikumbuka nembo yake chini ya hendeli: bunduki tatu zilizosimamishwa zikiegemeana. Mjomba aliisugua kwa majivu na ndimu kabla ya kumrudishia mtu baiskeli yake, hata kama mtu alikuja kuzibiwa pancha tu. Mwaka 1957 BSA iliuza biashara yake ya baiskeli kwa Raleigh ya Nottingham, na watu wakaendelea kubishana vijiweni ipi ngumu kati ya hizo mbili wakati zilikuwa zimeshaingia nyumba moja. Mbele kidogo ni Tyseley, walikokuwa Reynolds, ambao mwaka 1935 walitoa mabomba ya chuma yenye namba 531 ambayo waendeshaji wa mbio waliyatamani kwa miongo. Na upande ule wa Smethwick, chini ya kazi ya Telford, zimetengenezwa siti za ngozi za Brooks. Hadithi ya kampuni yenyewe ni kwamba mzee Brooks alifiwa na farasi, akaazima baiskeli, siti ikamuumiza, akaamua kutengeneza ya kwake. Leo kijana wa mjini hununua siti hiyo kwa pesa ambazo mjomba angepata baiskeli nzima na kuku wa kubaki.

Baada ya Solihull nyumba zinakoma. Kwenye kijiji cha Catherine-de-Barnes unaweza kuacha maji na kuingia vijia vya mashambani: Barston, Berkswell, Meriden. Ni njia nyembamba, gari likija mmoja lazima ajibane kwenye ugo. Haki ya kupita hapo kwa magurudumu mawili ina tarehe. Coventry, mji wa jirani, ndiko John Kemp Starley alikotoa baiskeli yake ya Rover mwaka 1885, yenye magurudumu mawili yaliyokaribia kulingana na cheni ya kuzungusha la nyuma. Miaka mitatu baadaye, sheria ya serikali za mitaa ya 1888 ikaitambua baiskeli kuwa gari, na halmashauri hazikuweza tena kuifukuza barabarani kwa kanuni zao ndogondogo. Chama cha wasafiri wa baiskeli, kilichoanzishwa Harrogate mwaka 1878, kilikuwa kimepigania jambo hilo kwa nguvu. Kwenye uwanja wa Meriden, kijiji ambacho wenyeji hushikilia kuwa ndicho kitovu cha Uingereza, kuna mnara wa mawe uliozinduliwa Mei 1921 kuwakumbuka waendesha baiskeli waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwaka vilabu huja na baiskeli zao kwa ibada. Nilipousoma mara ya kwanza nilifikiria sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyowekwa 1927 kwa vita hivyohivyo. Huku magurudumu yalipata mnara wake. Kwetu mizigo ya vita ilibebwa vichwani na migongoni, na wengi wa wale wapagazi hawana hata jiwe.

Nirudi kwenye maji. Kingswood, karibu na Lapworth, mfereji wetu unakutana na ule wa Stratford, uliofika mji wa Shakespeare mwaka 1816. Huko waliojenga madaraja madogo walibana matumizi hadi kwenye njia ya farasi: hawakuipitisha chini ya daraja. Badala yake daraja lina vipande viwili vya chuma vinavyotazamana, na katikati ufa mwembamba. Farasi anapita pembeni, kamba inapenya kwenye ufa, mashua inapita chini, hakuna fundo linalofunguliwa. Ukisimama juu ya ufa huo na baiskeli unayaona maji kati ya miguu yako.

Mfereji huo ulikaribia kufa kwa barua. Mwaka 1958 halmashauri ya Warwickshire iliomba uachwe rasmi, ili wasigharimie daraja jipya, wakidai kwamba hakuna chombo kilichopita kwa miaka mitatu. Waliokuwa wakiutetea wakatoa tiketi. Watu wa mtumbwi mdogo wa kupiga kafi walikuwa wamepita na kulipa ushuru, na tiketi yao ilikuwa na tarehe. Maombi yakaanguka. Kuanzia 1961 David Hutchings, akifanya kazi kwa niaba ya National Trust, aliuchimba upya kwa mikono ya watu wa kujitolea, askari, na wafungwa wa gereza la Winson Green, na Julai 1964 mama yake Malkia akaja kuufungua. Nawaambia vijana wa karakana: tunza risiti.

Zaidi ya hapo ni Shrewley, ambako mfereji unaingia chini ya kilima kwa handaki la karibu mita 400 lisilo na njia pembeni. Mabaharia walilala chali juu ya ubao, wakasukuma mashua kwa kukanyaga kuta, gizani, maji yakiwadondokea usoni. Farasi alifunguliwa, akapanda kwenye kihandaki chake mwenyewe kinachotokea kijijini, akavuka na kushuka upande wa pili. Mwendesha baiskeli anapita alikopita farasi, na mteremko ukiwa umelowa, atashuka na kukokota. Kisha Hatton: malango 21 yamejipanga kushuka mita 45 hivi kuelekea Warwick. Malango mapana ya saruji unayoyaona ni ya 1934, yalipojengwa upya kwa nguvu za watu wengi waliokosa ajira wakati wa mdororo. Ya zamani, membamba, bado yapo pembeni, yamegeuzwa njia ya maji ya ziada.

Ni kwenye malango haya, si kwenye vilabu vya Jumapili, ndiko ninakoitafuta baiskeli ya mfereji. Mashua za injini zilipochukua nafasi ya farasi, familia zilizoishi ndani yake zilibeba baiskeli juu ya paa la chumba. Mmoja, mara nyingi mtoto, alitangulia nayo kwenye kijia, akafika lango linalofuata, akatayarisha maji na kufungua milango ili mashua isisimame. Dakika iliyookolewa hapo ilikuwa pesa, maana walilipwa kwa tani na safari. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wanawake waliofunzwa kuziba nafasi za wanaume walifanya vivyo hivyo, mvua na barafu, wakiwa na chuma cha kufungulia maji kimechomekwa kiunoni. Kwa hiyo baiskeli ilikuja hapa kama tunavyoijua sisi Tanga, chombo cha kazi. Starehe ilifuata baadaye.

Na ilifuata kwa kuchelewa, kwa sababu kijia hakikuwa cha umma. Kilikuwa mali ya kampuni, na baada ya mifereji kutaifishwa mwaka 1948, mali ya serikali. Baridi ya 1962 na 1963 iligandisha maji kwa majuma na kuua biashara iliyokuwa imebaki. Mkataba wa mwisho wa kawaida wa safari ndefu, makaa ya Atherstone kwenda kiwanda cha jamu kule Southall, uliisha 1970. Kimya wanachokisifu wageni kinatokana na hapo. Ni kimya cha karakana iliyofungwa. Hata wakati huo mwendesha baiskeli alitakiwa kuwa na kibali, na ni wazee wachache ninaowahudumia ambao bado wanaweza kukuonyesha karatasi hiyo. Mwaka 2012 mifereji ya Uingereza na Wales ilikabidhiwa shirika la hisani, Canal & River Trust, na sasa mzozo umehamia kwingine: nani ampishe nani. Msimamo wangu ni kwamba anayetembea ana haki ya kwanza, na anayetaka kwenda mbio aingie kwenye vijia vya Berkswell. Kengele si ruhusa ya kupita.

Ndani ya jiji kijia sasa kina lami. Nje ni udongo, na tairi nyembamba za mbio hazifai. Nawashauri wateja milimita 32, wanatikisa kichwa, wanaondoka na 25. Kuanzia vuli wanarudi. Sheria zilizoruhusu mifereji zilizilazimisha kampuni kuziba mpaka kati ya njia ya farasi na mashamba, nazo zikapanda michongoma ya kienyeji, kama walivyofanya wenye mashamba kwenye vijia walipogawana ardhi za pamoja. Ugo huo bado unapunguzwa kila mwaka kwa mashine, na vijiti vyenye miiba hubaki njiani. Mwiba wake ni mwembamba, unapita kwenye tairi bila kuacha alama ya kuonekana, kwa hiyo usiweke tyubu mpya kabla ya kupitisha kidole ndani ya tairi, pole pole, mzunguko mzima.