Ujifunzaji wa Kushirikiana Baina ya Tamaduni Mtandaoni

Istilahi hii inahusu watu wa malezi na desturi tofauti wanaojifunza jambo kwa kulifanya pamoja kupitia intaneti, bila kuonana ana kwa ana. Kuingia darasa moja la mtandaoni na kumsikiliza mwalimu mmoja hakutoshi. Lazima pawe na kazi ya pamoja isiyoweza kukamilika mpaka kila mmoja atoe alichonacho.

Tuseme kijana wa soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, na mwenzake wa Muscat, aliyekulia katika nyumba ya Waomani wasemao Kiswahili, wanaandika ukurasa mmoja kuhusu samaki aitwaye nguru. Wa Feri anaujua mnada: samaki wamepangwa, mnadi anapandisha bei, wachuuzi wanaitikia, na mara mzigo umeshaingia kwenye ndoo kuelekea mitaani. Anajua pia kwamba nguru hunaswa kwa jarife na kwa mshipi. Wa Muscat anamfahamu samaki huyohuyo kwa jina la Kiarabu, kan'ad, na anajua anavyopikwa kwao. Hakuna anayeweza kuumaliza ukurasa huo peke yake.

Ugumu nao upo. Wa Feri akiandika "tukutane saa mbili", ana maana ya asubuhi. Mwenzake, akihesabu saa kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, anaweza kuelewa saa nane mchana. Tena, kijana aliyelelewa kumwamkia mkubwa shikamoo huona vigumu kufuta sentensi ya mtu mzima mbele ya kundi zima. Kuyazungumza mambo hayo waziwazi na kukubaliana utaratibu ni sehemu ya somo lenyewe.

Mfano hai tunao: Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003. Watanzania, Wakenya na wageni waliojifunza lugha yetu huhariri makala zilezile. Historia ya kila makala huhifadhi nani kabadilisha nini na lini, na pembeni upo ukurasa wa majadiliano. Mtanzania aliyezoea kompyuta hukutana na Mkenya aliyefundishwa tarakilishi, na kila mmoja hulazimika kutoa hoja.

Sasa istilahi yenyewe tuitafsirije kwa Kiswahili? Wengi hukimbilia "ujifunzaji shirikishi". Neno hilo ni zuri, ila walimu wetu tayari wanalitumia kwa mbinu shirikishi, yaani mwalimu kuwashirikisha wanafunzi badala ya kuhutubia. Shina lake ni shirikisha: yupo anayeshirikisha, wapo wanaoshirikishwa. Kushirikiana kuna kiambishi -an- cha kutendana, na ndicho kinachobeba maana tunayoitafuta: nakufunza, unanifunza. Kwa "mtandaoni", maandishi ya kitaalamu yanaweza kusema "katika mazingira pepe", maana pepe tumeshaizoea katika barua pepe. Kwa msomaji wa kawaida, mtandaoni inatosha.

Tofauti hii ya shirikishi na kushirikiana ina uzito. Mradi unaoitwa shirikishi unaweza kuwa na upande mmoja unaoleta maswali, majibu na vigezo, na mwingine unaojaza nafasi zilizoachwa wazi. Vijana wetu wanastahili zaidi ya hapo. Basi mwalimu, kabla ya kuupa mradi wako jina la kushirikiana, jiulize: wenzetu wa ng'ambo wamejifunza nini kutoka kwetu? Kama jibu halipo, panga kazi upya.